Shingo ya Mama

Mama alikuwa na rovu tangu kabla sijazaliwa. Kwetu, milimani Kilolo, hilo halikuwa jambo la kumfanya mtu ageuke njiani. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa na uvimbe huo shingoni, na sisi watoto tuliukuta pale kama tulivyokuta pua na masikio yao. Lakini mwaka ule, lami ya kwenda Zambia ikiwa bado ngeni machoni mwa watu, rovu la Mama lilianza kumbana. Akipanda kwenda kwenye shamba la pareto alikuwa akikoroma huku yuko macho. Akilala chali alishtuka na kukaa, akitafuta pumzi kwa mikono.

Mjomba, kaka yake wa kuzaliwa naye, akamchukua mpaka hospitali ya Iringa mjini. Huko wakamwangalia, wakamshika shingo, wakasema inabidi apasuliwe, na mpasuaji wa kazi hiyo yuko Mbeya.

Hapo ndipo Mama alipoanza kuwatilia shaka.

"Kwa nini wa Iringa hawanitaki?" alimwuliza Mjomba. "Iringa wanaujua ukoo wetu. Nikipotea hapa, watu watakuja kuuliza. Huko Mbeya nani atauliza?"

"Mwanao yuko Uyole, pale pale Mbeya," Mjomba akamjibu. "Atauliza yeye."

Basi wakapanda basi, wakashuka Uyole mchana mmoja wa baridi kali, Mama akiwa amejifunga kitenge shingoni mpaka kidevuni, Mjomba na mgolole wake begani na fimbo yake mkononi. Mimi nilikuwa nimeolewa huko. Mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la utafiti wa kilimo. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilipomwona Mama akishuka ngazi za basi, akisimama kila ngazi kuvuta hewa, nililia pale pale stendi.

Lazima nieleze ule woga, maana mtu wa leo anaweza kumwona Mama kama mshamba tu. Miaka ile habari za chinjachinja zilikuwa zimeenea Iringa nzima. Ilisemwa kuna watu wanaokamata wapita njia, wanawakata shingo, wanakinga damu na kwenda kuiuza. Hakuna niliyemjua aliyewahi kukamatwa, lakini kila mtu alikuwa na shemeji wa jirani aliyeponea chupuchupu. Tena Mama alikuwa ametoka kuhamishwa kutoka kwenye boma lake la mlimani kupelekwa kijiji kipya cha barabarani. Waliokuja kumwambia ahame walikuja wakicheka naye, wakanywa togwa yake, wakamwita mama. Wiki iliyofuata paa la nyumba yake likaezuliwa. Kwa hiyo mtu akimchekea, Mama alimwangalia mikono.

Mimi nilikuwa nimefika darasa la nane, nikijiona nimeyaacha mambo hayo. Nilidhani hivyo mpaka tulipofika wodini, hospitali ya Mbeya.

Jambo la kwanza lililomtisha Mama ni wingi wa wale watu. Kwa mganga wa kienyeji unamjua mganga. Ni yeye anayekuuliza, ni yeye anayekuchanja, dawa ni yake na lawama ni zake. Hapa kila mmoja alikuja na jambo lake dogo, akachukua chake, akaondoka bila kueleza. Mmoja alichukua nguo zake akampa gauni la hospitali. Mwingine alimpeleka kwenye chumba cha giza akampiga picha ya kifua. Mwingine alitaka mkojo.

"Mganga ni yupi kati ya hawa?" Mama aliniuliza kwa Kihehe, kwa sauti ya chini.

"Bado hajaja, Mama."

"Hajaja, na tayari wameshachukua vitu vyangu vyote hivi?"

Daktari alikuja siku ya pili asubuhi. Alikuwa mzungu mrefu mwenye nywele za mvi, na Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu tu: pole, vizuri na kesho. Alimwonyesha Mama kwa ishara ameze mate, akamwangalia rovu linavyopanda na kushuka. Halafu akageuka, akasema Kiingereza kirefu kwa sista wa wodi. Sista huyo alikuwa Mnyakyusa mnene, mkavu wa uso, saa yake imebanwa kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi.

"Daktari anasema atampasua. Shughuli ni kubwa kidogo lakini atapona."

Nikamtafsiria Mama. Mama akamwangalia daktari, akamwangalia sista, akaniangalia mimi.

"Yule kasema maneno mengi," akasema. "Huyu kakupa machache, na wewe umeniletea machache zaidi. Mengine mmeyaweka wapi?"

Nilimwuliza sista kama kuna kitu kingine daktari alichosema. "Ni mambo ya kitaalamu," akajibu, akaenda kitanda kinachofuata. Kutoka siku ile nami nikaanza kumwangalia sista kwa jicho jingine. Nilimwona akizungumza na daktari dirishani, na nilipokaribia wakanyamaza. Nilimwona akisoma karatasi ya Mama, akimtazama Mama, kisha akisoma tena. Alikuwa hatabasamu. Siku moja nilimletea Mama ndizi za kupika, sista akazifunua, akazinusa, akaniuliza nani kazipika na zimewekwa nini ndani. Nikawaza: anaogopa sisi tumpe nini, wakati ni wao wanaompa vidonge tusivyovijua?

Mtu pekee tuliyemwamini alikuwa mhudumu wa wodi, mama wa makamo kutoka Njombe aliyepiga deki na kugawa uji. Alimsalimia Mama "Kamwene", salamu ya kwetu, na uso wa Mama ukafunguka kama umetoka kwenye kivuli. Kibena chake na Kihehe chetu vilisikilizana vizuri. Alituambia nani ni nani, na kwa kila mtu alikuwa na neno. Daktari mikono yake mizuri, lakini ana haraka. Sista mkali, amewahi kumfukuza mume wa mtu wodini. Na kile kitanda cha karibu na meza ya sista, akasema akikikunjia uso, Mungu apishe mbali. Akiwekwa mtu pale, mara nyingi anatoka amefunikwa shuka.

Mama hakukiangalia tena kile kitanda.

Kisha akaja bwana wa maabara na mpira wa kufungia mkono na chupa ndogo. Alitoa damu kidogo, Mama akafumba macho na kuvumilia. Lakini kesho yake alirudi, safari hii akinitafuta mimi. Alisema shingo ina mishipa mingi, daktari hataingia bila kuwa na chupa ya damu pembeni, na damu hiyo lazima itoke kwa ndugu. Akaniangalia tumbo, akatikisa kichwa. "Wewe hapana. Mwanamume hamna?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye nyasi nje, jua likimpiga mgongoni. Nilimweleza alichotaka yule bwana.

"Wanataka damu," akasema, kana kwamba alikuwa akilingojea neno hilo tangu Kilolo.

"Ni ya Mama, Mjomba. Ya kumwongezea."

"Hivyo ndivyo wanavyosema."

"Sasa tufanyeje?"

Alisimama, akaweka mgolole wake sawa. "Nitatoa. Ila nataka kuijua damu yangu nikiiona."

Tukaenda maabara. Mjomba akalala pale kwenye kitanda chembamba, bila kuondoa jicho kwenye chupa hata mara moja. Ilipojaa, alikataa kuondoka. Alivuta uzi mweusi kwenye pindo la mgolole wake, akamwambia yule bwana aufunge kwenye shingo ya chupa. Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu. Lakini yule bwana hakucheka. Alimwonyesha Mjomba kibandiko chenye jina la Mama, akamweleza kwamba ameshaijaribu damu yake na ya Mama pamoja akaona zinakubaliana, kwamba hiyo ndiyo kazi yake yote, kuhakikisha mtu hapewi damu isiyomfaa. Halafu akaufunga na ule uzi, mafundo mawili. Mjomba akamshukuru, kisha akatoka na kuketi chini mbele ya mlango wa maabara. Alikaa pale mpaka jioni, na kesho yake alfajiri alikuwa pale pale.

Jioni ya siku ile ya kutoa damu alikuja mtu mwembamba mwenye ndevu ambaye hatukuwahi kumwona. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo wengine hawakulifanya. Akamwambia Mama afungue mdomo. Akamtikisa meno ya mbele moja moja kwa kidole. Akamwambia ainue kidevu, ageuke kushoto, ageuke kulia. Akapitisha vidole taratibu kwenye koo lake mpaka juu ya kifua.

"Ananipima kama mbuzi," Mama akaniambia.

Yule mtu akauliza amesema nini. Nikasema anaogopa.

"Mwambie mimi ndiye mtoa usingizi. Daktari ndiye anayekata, mimi sikati. Kazi yangu ni kumlaza, kumsaidia apumue na kumwamsha. Meno nayaangalia kwa sababu nitapitisha mpira mdomoni, na jino bovu linaweza kung'oka."

Nikatafsiri. Mama akafikiri. "Mwulize kama wapo wanaokosa kuamka."

Yule bwana alimtazama Mama mwenyewe, si mimi. "Wapo," akasema. "Wachache. Lakini mwambie mimi nakaa kichwani pake tangu mwanzo mpaka mwisho. Siendi kunywa chai. Siendi popote."

Nilitafsiri yote, hata lile neno wapo. Mama akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka, Mama akasema, "Huyu hadanganyi. Ila simpendi."

Siku ya upasuaji walimchukua asubuhi, nywele zake zimefungwa kitambaa cheupe. Alinishika mkono mpaka kwenye ule mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita, akaniachia yeye mwenyewe. Mimi na Mjomba tukakaa nje. Kila aliyetoka tulimwangalia aproni kama ina damu.

Walimrudisha mchana akiwa hai. Shingo yake imefungwa bendeji nene, anakoroma usingizini. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoona wanakomsukuma. Walimpeleka kitanda cha karibu na meza ya sista.

Nilimtazama mhudumu. Mhudumu akainamisha uso, akaendelea kufuta sakafu.

Kisha sista akaleta sinia iliyofunikwa kitambaa cha kijani, akaiweka juu ya kabati dogo, karibu na kichwa cha Mama. Alipogeuka nikafunua pembe ya kitambaa. Ndani kulikuwa na mkasi, koleo ndogo na kisu.

"Usiguse hiyo!" akanikaripia.

"Ya nini, sista?"

"Inakaa hapo."

Basi. Inakaa hapo! Upasuaji umekwisha, daktari ameshanawa mikono na kwenda zake, na kisu kinakaa kando ya shingo ya mama yangu. Nilivuta kigoda nikakaa katikati, kati ya kabati na Mama, nikaapa moyoni kwamba hakuna atakayeifikia ile sinia bila kunipitia mimi.

Na sista hakumwacha Mama apumzike. Kila baada ya muda mfupi alikuja kumwamsha. "Mama, sema kitu. Sema. Nisikie sauti." Mama alitoa mnong'ono mkavu, sista akakunja uso, akaandika, akaondoka. Nikamwuliza mhudumu wanataka Mama aseme nini. Akaniambia pengine wanapima kama akili imerudi. Haikuniingia. Mtu mwenye akili yake akiambiwa aseme mara zote hizo si ataudhika?

Jua lilipoanza kulala Mama akawa hatulii. Alirusha shuka. Akaikamata bendeji, akaivuta. Nilidhani ni maumivu, nikamshika mkono, kisha nikaona upande mmoja wa shingo umevimba juu ya bendeji, umekaza na kung'aa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Aliniangalia machoni na kifua chake kikawa kinapanda bila kuingiza kitu.

"Sista!"

Alifika kabla sijamaliza kuita. Aliangalia mara moja tu. "Mwite daktari na yule wa usingizi," akamwambia mhudumu. "Kimbia!" Mhudumu akaangusha ndoo, akakimbia. Sista akanisukuma na kigoda changu, akaondoa kile kitambaa cha kijani, akakata bendeji kwa mkasi. Halafu akakata nyuzi za kidonda, moja baada ya nyingine, akakifungua kidonda cha Mama kwa vidole vyake, na damu nyeusi iliyoganda ikamwagika kama maini.

Nilipiga kelele. Nilisema kwa Kihehe maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. "Mjomba! Anamchinja! Anamchinja Mama!" Nilimrukia mkono. Akanipiga kiwiko kifuani bila kunitazama, akaendelea kuchota damu kooni mwa Mama. Mjomba akaingia na fimbo ameinyanyua. Wagonjwa wote wameketi vitandani, wengine wanalia.

Aliyemzuia Mjomba hakuwa mimi wala sista. Ilikuwa pumzi ya Mama. Aliivuta ndefu, yenye sauti, kama mtu anayetoka chini ya maji, kisha nyingine, na rangi ikaanza kurudi midomoni mwake, kidonda chake kikiwa wazi vile vile. Mjomba akabaki na fimbo hewani. Taratibu akaishusha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuiona tena maishani. Yule bwana mwembamba akaja mbio, ndevu zake zina makombo, akakaa kichwani pa Mama kama alivyoahidi na kumshikilia taya. Daktari akaja bila koti. Alitazama kidonda, akatazama mikono ya sista, akasema Kiingereza neno moja fupi la kumsifu, ambalo hata mimi nililielewa. Wakaondoka na kitanda wakikimbia. Na pembeni yao, akitokea upande wa maabara, yule bwana wa chupa alikuja na damu ameikumbatia kifuani, uzi mweusi unaning'inia. Mjomba akaiona. Akajiegemeza ukutani, akateremka mpaka akakaa chini.

Sista hakwenda nao. Alibaki wodini ananawa mikono kwenye beseni, gauni lake limelowa damu mpaka kiunoni. Nilimwendea. Sikujua niseme pole au asante.

"Kidonda kilikuwa kinavuja ndani," akasema kabla sijasema kitu. "Damu ikijaa pale inabana koo, mtu anakufa daktari hajafika. Ndiyo maana sinia inakaa hapo. Ndiyo maana nilimweka hapa karibu na mimi."

"Mngeniambia."

Alikausha mikono. "Nikuambie nini? Kwamba huenda nikamfungua mama yako shingo mbele ya macho yako? Ungekaa?"

Nilijua tungekuwa stendi muda ule ule.

Mama alipona. Walimshona upya, akaongezewa damu ya kaka yake, na baada ya siku kadhaa akaanza kunywa uji mwenyewe. Lakini sauti haikurudi. Ile iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mwanamume mwenye mafua, na akitaka kumwita mtu wa mbali ilikatika. Nilimsubiri daktari apite, nikamwuliza sista mbele yake kama itarudi. Sista akamweleza. Daktari akajibu kwa upole, kwa maneno mengi.

"Anasema mshipa wa sauti unapita nyuma ya rovu," sista akasema. "Unaweza kuguswa. Inaweza kurudi, au isirudi. Ndiyo maana tulikuwa tunamwambia aseme."

"Hilo alilisema tangu siku ya kwanza?"

Sista alinitazama. Kwa mara ya kwanza ni yeye aliyeshusha macho. "Alilisema," akajibu.

Sikumtafsiria Mama; alikuwa ameelewa kutoka usoni mwangu. Aligeukia ukutani, na siku nzima hakutaka uji.

Hakuna aliyekuwa chinjachinja katika wodi ile. Walimpa Mama miaka mingi, aliwalea wanangu wawili wa kwanza, akapanda tena mlima bila kukoroma. Lakini nimeshindwa kulimeza lile neno "alilisema". Mwanamke aliyemwokoa mama yangu kwa mikono yake ndiye aliyetuficha. Na sidhani alituficha kwa ubaya.

Nilipomtembelea Mama Kilolo miaka miwili baadaye, nilimkuta na jirani wa kijiji kipya, mwanamke kijana mwenye rovu lililoanza kujitokeza. Alikuwa amekuja kuuliza. Mama alifungua kitenge akamwonyesha kovu, akamwacha aliguse.

"Wanaokushika ni wengi," alimwambia kwa ile sauti yake mpya. "Yuko wa damu, huyo analinda damu isichanganywe. Yuko wa usingizi, anakaa na wewe. Yuko sista, anakuangalia hata ukidhani ana chuki na wewe. Yuko anayefagia, huyo atakupa habari, nyingine za uongo."

"Na daktari?"

"Daktari anakata, anapita."

Jirani akacheka. Mama hakucheka. Alimshika mkono.

"Akisema maneno mengi, usikubali upewe machache. Kaa hapo hapo kitandani. Mwambie anayetafsiri aanze upya, neno kwa neno, mpaka amalize. Halafu ndio useme kama unataka."

"Wakikasirika?"

"Wakasirike," Mama akasema, akafunga kitenge chake na kuinuka kwenda kutazama maharage jikoni.